Ambao redio bado haijazimwa nyumbani kwenu, tupeane uzoefu

Mtoto wa Kasulu (mleta mada)
Wakuu, kwema?

Mwezi wa tano 2025 nilienda nyumbani nikamkuta mzee kanuna, ugomvi wake ni yeye na redio. Miaka yote jioni anasikiliza VOA Kiswahili (Sauti ya Amerika) kwa masafa mafupi. Siku moja mwezi Machi anafungua, hamna mtu, mvumo tu kama mafuta yanayokaanga sambusa. Akajua redio imekufa. Kaipeleka kwa fundi sokoni, fundi kapuliza vumbi, kabadilisha spika na waya wa antena, kachukua elfu nane. Jioni mzee anategea: mvumo ule ule. Akarudi kugombana.

Mimi ndiye niliyemwambia redio ilikuwa nzima siku zote. Machi ile serikali ya Marekani iliwasimamisha wafanyakazi wa VOA, matangazo yakakatika. Mzee akaniangalia: "Sasa mbona hawakuaga?"

Nikamwekea programu ya redio kwenye simu. Wiki haijaisha, bando limeisha. Na ana neno lake: simu inataka uitazame, redio inakuacha unapukuchua maharage.

Wewe unasikilizia wapi, saa ngapi, na kinachokukera ni nini?

Zamu ya Usiku
Mlinzi hapa, Tegeta. Simu yangu ya zamani ilikuwa na FM, unachomeka hedifoni, ule waya ndio antena. Nimenunua mpya, kamera tatu, redio haimo! Nikaenda Kariakoo nikachukua kiredio chenye tochi na pa kuweka memori kadi. Sauti kama nyuki ndani ya kopo. Lakini saa tisa usiku mtangazaji akisema "na wewe uliye kazini", najua ananiambia mimi na yule mbwa.

Fundi Waya
Mleta mada, msamehe mwenzangu kidogo. Redio nzima naletewa kila wiki, na mwenyewe anaapa ni mbovu.

Kwa wanaosikiliza masafa ya kati na mafupi, adui yuko ndani ya nyumba. Taa za LED za bei ya chini, chaja za simu, kile kidude kinachodhibiti chaji ya sola. Ndani yake umeme unakatwa na kuunganishwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unarusha mawimbi yake. Redio inayapokea kama inavyopokea kituo. Jaribuni hivi: weka redio kwenye betri, zima meni swichi. Kelele ikiondoka, anza kuchomoa kimoja kimoja mpaka umpate mchawi. FM haisumbuliwi sana na hayo, ila FM inakwenda kama jicho, mlima ukisimama katikati imekwisha. Ndiyo maana wazee wa milimani hawajaachana na masafa mafupi, yenyewe yanapanda juu angani na kurudi chini.

Na muache kuanika betri juani, zinavuja.

Bibi Harusi wa 1989
Fundi, betri tumeanika na zilifufuka. Hilo usituguse.

Mimi natoka nyumba ya kadi za salamu, Singida. Vijana hamjui. Unanunua kadi dukani, unajaza majina ya unaowasalimu, unatupa posta, halafu nyumba nzima mnakaa mkao wa kusubiri. Likitajwa jina la baba, mama anaacha sufuria. Baba alikuwa na jina la redioni, hata mtaani wakamwita hilo. Na alikuwa na marafiki wa mikoa mingine aliosalimiana nao zaidi ya miaka kumi bila kuonana. Alipofariki tulipeleka tangazo la kifo redioni. Siku ya pili ya matanga wakashuka watu watatu kwenye basi, hatuwajui. Wakajitambulisha kwa majina ya redioni. Tuliwajua wote!

Siku hizi salamu ni meseji. Mtangazaji anasoma tano, nyingine "muda hauturuhusu", halafu tangazo la dakika nne.

Kijana Podikasti
Mimi sisikilizi, samahanini. Asubuhi wanasoma kurasa za magazeti, mchana mikeka ya kubeti, jioni nyimbo tatu zile zile. Podikasti nasimamisha nikitaka, naendelea nikitaka.

Zamu ya Usiku
@Kijana Podikasti kuhusu mikeka nakuunga mkono. Bando likikata tutakupokea.

Mwana wa Voi
Jirani zenu wa Kenya tupo. Mtangazaji wetu Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto akila amesimama au akipita wageni bila kuamkia, mama aliuliza swali hilo kwa sauti ya Mbotela kabisa. Alipofariki Februari 2025 ndugu zangu kila mmoja aliliandika kwenye kundi la familia. Hakuna aliyeongeza neno.

Jangwani Damu
Kwangu ni mpira. Ukisikilizia kwenye simu, unachelewa. Siku ya Simba na Yanga jirani mwenye redio kashangilia, mimi bado mpira uko katikati ya uwanja. Tena ladha ya redio ni uongo wa mtangazaji: mpira unarushwa pembeni, yeye anapiga kelele kama nyavu zimechanika.

Ndugu wa Goma
Januari 2025 vita vilipoingia mjini umeme ulikatika, simu zikazima. Kwenye parseli yetu, yaani ua wa nyumba zetu, redio ya betri ilikuwa moja. Tulikaa watu kumi na wawili, sauti chini kabisa, mmoja ameweka sikio na kuturudilia wengine. Mwenye redio alihesabu betri kuliko unga.

Mtoto wa Kasulu
Nimesoma zote. @Fundi Waya, nimempigia mzee azime ile taa ya sola akitegea. Amepata Deutsche Welle, ile redio ya Ujerumani, anasema inaongea kama iko chumbani, ila watangazaji bado hajawazoea.

Fundi wa sokoni alipodaiwa elfu nane amejibu: "Mzee, redio si imepona?"