Naomba ushauri: pikapu ya gitaa la besi la zamani, nisuke waya wake upya au ninunue nyingine?

Habari zenu wakuu. Nina Fender Jazz Bass ya miaka ya 1970. Pikapu (kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) ya upande wa daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, imekata sauti: nikiipima kwa mita hakuna kinachosoma, wakati ya shingoni inasoma ukinzani wa kama kiloomu 7 na inaunguruma vizuri tu. Nahisi waya wa koili, ule mwembamba kuliko unywele, umekatika mahali.

Fundi anasema nitoe zote mbili, niweke mpya zisizotoa mvumo wa umeme. Mimi nasita. Gitaa hili nalipendea ule mlio wake mkavu wa katikati, kila noti inasikika, na mvumo wenyewe hunyamaza nikifungua volyumu zote mbili sawasawa.

Aliyewahi kusuka pikapu upya kwa sumaku zake zilezile, je, mlio ulibaki? Na nikinunua moja tu, nitahakikishaje imesukwa kinyume na ya shingoni, na sumaku zake pia zimegeuzwa, ili mvumo unyamaze bila sauti zao kupingana? Potenshiomita (vidhibiti vya volyumu na toni) na kapasita (ile ya toni) sitaki ziguswe kabisa, labda mnionyeshe sababu. Pia, pikapu mbovu naitunza vipi?