Eldorado ya 1984: injini gani inaweza kuchukua nafasi ya V8 ya lita 4.1?

Biarritz84 anauliza:

Wakuu, salamu zenu. Ninamiliki Cadillac Eldorado Biarritz ya mwaka 1984, gari la milango miwili lenye lile paa ambalo sehemu yake ya mbele ni chuma kisichoshika kutu. Bodi ni nzima, chesisi haina kutu ya kutisha, na viti vya ngozi vinahitaji kushonwa hapa na pale tu. Injini ndiyo iliyochoka. Ni ile V8 ya lita 4.1 inayojulikana kama HT4100, yenye nguvu za farasi 135, ambayo hata ilipokuwa mpya ilikuwa na kazi nzito ya kuvuta gari la karibu kilo 1,700. Sasa mgandamizo wa silinda umeshuka, na kabla ya kuifungua yote ningependa kujua kama kuna njia bora kuliko kuifanyia ukarabati mkubwa.

Sitafuti gari la mashindano. Ninataka gari linaloondoka kwenye taa bila kuhangaika, linalopanda mlima barabara kuu huku kiyoyozi kikifanya kazi, na ambalo bado litaendeshwa kwa utulivu ule uliokusudiwa. Nimeshauriwa nitafute injini ya LS, yaani V8 ya kisasa ya Chevrolet, wengine wametaja za Oldsmobile, na wengine ile V8 ya lita 4.9 ya Cadillac iliyokuja baadaye. Naomba maoni ya waliowahi kufanya kazi kwenye magari haya, hasa kuhusu giaboksi na mifumo ya umeme.

FundiOlds anajibu:

Ndugu Biarritz84, kabla hujachagua injini, lala chini ya gari uangalie giaboksi, kwa sababu ndiyo itakayokuamulia mengi. Eldorado za 1979 hadi 1985 huvutwa na magurudumu ya mbele, lakini injini imelala kwa urefu wa gari kama ilivyo kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Konvata, chombo cha oili kinachopokeza nguvu ya injini kwenye giaboksi, iko nyuma ya injini. Kutoka hapo mnyororo mpana hupeleka nguvu pembeni hadi kwenye seti ya gia iliyolala sambamba na injini, na mbele ya seti hiyo ndipo ilipofungwa difu. Shafti ya gurudumu la kulia inapita chini ya injini kwenda upande wa pili, ikishikiliwa na kibano kilichofungwa kwenye bloku. Kwa hiyo sampu ya oili, yaani bakuli la chini ya injini, ina umbo lake maalumu la kupisha shafti hiyo. Ukileta injini yoyote iliyotoka kwenye gari la magurudumu ya nyuma, hata kama ni ya ukoo uleule, sampu yake itagonga shafti siku ya kwanza unapoishusha.

Sasa utaona tatizo la LS. Injini yenyewe ni nzuri, nyepesi na ina nguvu nyingi, lakini mpangilio wa bolti za nyuma si wa giaboksi yako, hakuna sampu ya kiwandani inayopisha shafti, na hakuna mahali pa kufungia kile kibano. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kutengenezwa na mchonga vyuma hodari. Lakini ukishavitengeneza vyote utakuwa umefunga injini ya zaidi ya farasi 300 kwenye giaboksi ya THM325-4L, ambayo ndiyo iliyo kwenye gari lako; ndani yake ni jamaa ya karibu ya THM200-4R, giaboksi ya magari ya magurudumu ya nyuma, na haikuundwa kwa mzigo huo. Kugeuza gari livutwe na magurudumu ya nyuma ni kazi kubwa zaidi, kwani sakafu haina mfereji wa propela na saspensheni ya nyuma haina nafasi ya difu. Mimi siungi mkono njia hiyo kwa gari zima kama lako.

Njia ya Oldsmobile ina faida moja kubwa: kiwanda chenyewe kilishaipitia. Eldorado ya 1979 ilitoka na V8 ya Oldsmobile ya lita 5.7, na dizeli ya Oldsmobile ya ukubwa huohuo iliendelea kutolewa kwenye Eldorado hadi 1985. Oldsmobile Toronado na Buick Riviera za miaka hiyo, zilizojengwa juu ya msingi mmoja na gari lako, zilipata V8 ya lita 5.0 ambayo Wamarekani huiita 307, ikiwa na giaboksi hiyohiyo ya THM325-4L. Hivyo mauntingi (vishikizo vya injini), sampu, vibano na mabomba ya ekzosi vipo tayari, mradi uvipate kutoka kwenye gari la ukoo huo.

Usidanganywe na farasi 140 za 307 ukadhani hujapata kitu. Nguvu yake ya kuzungusha ni takriban Nm 325, nayo inapatikana chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika, wakati HT4100 haifiki Nm 280. Tofauti hiyo utaisikia kila unapoondoka, na ndiyo uliyoiomba. Ukitafuta gari la kutolea vipuri, angalia herufi ya nane ya namba ya chesisi: 307 ya kawaida ni Y, na HT4100 ni 8. Chukua injini na giaboksi yake pamoja, zikiwa bado zimeungana, maana konvata, sahani ya nyuma ya injini na mpangilio wa kubadilisha gia vilichaguliwa viendane. Usiondoke bila mauntingi, kibano cha shafti, puli zote, kompresa na vyuma vinavyoishikilia, na waya nzima ya injini pamoja na kompyuta yake.

Oldsmobile ya lita 5.7, yaani 350, na ile ya lita 6.6, yaani 403, zina vipimo vya nje sawa na 307. Zote tatu zina mwendo wa pistoni wa milimita 86. Kinachotofautiana ni upana wa silinda, milimita 96.5 kwa 307, 103 kwa 350 na 110.5 kwa 403. Kwa hiyo zinaingia zinapoingia 307, ukihamishia sampu na mrija wake wa kunyonyea oili. Ile 350 iliyotunzwa vizuri ningeifunga bila wasiwasi. Kwa 403 ningesita: silinda zake ni pana kiasi kwamba zimegusana na hakuna maji yanayopita katikati yake, na Toronado za 1977 na 1978 zilizoitumia zilikuwa na giaboksi nzito zaidi, THM425.

MlindaAsili anajibu:

Naheshimu maelezo ya fundi, lakini naomba injini ya asili isihukumiwe bila kusikilizwa. HT4100 ilianza kwa modeli za 1982, ikiwa na bloku ya alumini, silinda za chuma zinazozungukwa moja kwa moja na maji, na hedi za chuma cha kusubu. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho, na tofauti hiyo ndiyo inayosaga gasketi za manifodi ya kuingizia hewa na za hedi kila injini inapopata moto na kupoa. Maji ya rejeta yakiachwa miaka mingi bila kubadilishwa, alumini huanza kuliwa, na yakipenya kwenye oili hushambulia beringi. Ndiyo maana General Motors wenyewe waliagiza vidonge vya kuziba mianya vitiwe kwenye maji ya injini hizi.

Yote hayo yanajulikana, na kwa sababu yanajulikana yanatibika. Nyuzi za bolti za hedi zilizolegea kwenye alumini huwekewa nyuzi za chuma za kupachika, gasketi za leo ni bora kuliko za wakati ule, na maji yenye dawa sahihi yakibadilishwa kwa wakati, injini hudumu. Haitakupa nguvu zaidi, hilo ni kweli. Itakuachia gari kamili, ambalo namba yake ya chesisi inalingana na kilichomo chini ya boneti, na mnunuzi wa Biarritz huangalia jambo hilo.

Kuhusu lita 4.9: ni uzao wa injini hiihii, bloku ya alumini na hedi za chuma, lakini ilifikia farasi 200 mwaka 1991 na ilipata sifa nzuri ya kudumu. Shida yake ni kwamba ilifungwa kwa upana kwenye magari yake, hivyo mabomba ya ekzosi, njia za maji, mauntingi na vifaa vya mbele vilipangwa kwa mkao tofauti. Anayeichagua aweke bloku mbili kando kwa kando na kulinganisha kila tundu la bolti la uso wa nyuma na la pembeni, pamoja na kina cha sampu, kabla ya kutoa pesa ya injini.

MoshiSafi anajibu:

Hamjagusa sheria, nayo huenda ikapunguza orodha yenu nusu nzima. Kama gari limesajiliwa California, modeli za petroli za 1976 na kuendelea hupimwa moshi, kwa hiyo Eldorado ya 1984 haikwepi. Ukibadilisha injini huko, injini mpya lazima iwe ya mwaka wa gari au wa baadaye, ije na vifaa vyote vya kudhibiti moshi ilivyozaliwa navyo, na gari lipelekwe kwa mkaguzi maalumu anayeitwa Referee ili libandikwe kibali. Tena, gari lililotoka kiwandani likiwa na cheti cha moshi cha California huhitaji injini yenye cheti hicho.

Oldsmobile 350 ya petroli iliisha 1980 na 403 iliisha 1979, kwa hiyo zote mbili zinaanguka hapo, hata zikiwa mpya ndani. Kinachobaki ni 307 ya 1984 au 1985 kutoka Toronado au Riviera, ikiwa na kabureta yake ya umeme, kompyuta, pampu ya hewa na kichujio cha ekzosi, au ile 4.9. Katika majimbo ambayo hayapimi moshi wa magari ya umri huu uhuru ni mkubwa zaidi, ila ni vyema kuwauliza wahusika wa jimbo kabla injini haijatoka garini.

Biarritz84:

Nawashukuru sana. Gari langu limesajiliwa California, kwa hiyo MoshiSafi amenifungia milango miwili ambayo nilikuwa nimeanza kuisogelea. Nimeelewa sasa kwamba nachagua kati ya kukarabati ya asili na kufunga 307 kamili. Moyo wangu unaegemea 307. Naomba kuuliza zaidi juu ya umeme: gari langu lina paneli ya mafuta ya kidijitali na kiyoyozi cha kielektroniki ambacho pia hutoa namba za hitilafu za injini ukibonyeza OFF na WARMER kwa pamoja. Je, vitabaki vikifanya kazi? Na mfumo wa mafuta, kwa kuwa yangu ina nozeli za kupulizia mafuta na ile ina kabureta?

FundiOlds:

Kiyoyozi kitaendelea, ukikiunganisha na kompresa na swichi zake kwa uangalifu, kwa sababu kupanga joto la ndani ni kazi yake mwenyewe. Paneli ya mafuta na namba za hitilafu ni jambo jingine. Vyote viwili husoma habari zinazotoka kwenye kompyuta ya nozeli, na hiyo ikiondoka vitakosa cha kusoma. Kompyuta ya 307 ina namna yake ya kuonyesha hitilafu: unaunganisha ncha mbili za plagi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi na kuhesabu mimweko ya taa ya injini. Ipitishie waya taa hiyo tangu mwanzo, na MoshiSafi atakubali kwamba mkaguzi ataitaka.

Upande wa mafuta, gari lako lina pampu ya umeme ndani ya tangi, yenye mgandamizo ambao sindano ya kabureta haiwezi kuuzuia, mafuta yatafurika. 307 ina pampu yake inayoendeshwa na injini. Toa ile ya tangini na uweke mrija wa kawaida wa kunyonyea wenye kipimo cha mafuta cha gari lako. Usiiache pampu iliyokufa ndani na kuilazimisha nyingine ivute kupitia humo, kwani itakupa shida wakati wa joto.

307 ni nzito kuliko injini yako, na pua ya gari itashuka. Saspensheni ya mbele hutumia fito za kujipinda badala ya springi, kila moja ikiwa na bolti ya kurekebisha kimo, kwa hiyo pima kimo cha gari leo, kabla hujafungua chochote, ukiandike, kisha ukirudishe hapo na kupima mwelekeo wa magurudumu.

La mwisho ndilo ninaloona likipuuzwa kuliko yote: kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda giaboksi. Watu huidhani ya kushushia gia tu. Ukweli ni kwamba inaiambia THM325-4L ibane klachi zake kwa nguvu kiasi gani, na ikilegea milimita chache, gari litabadilisha gia kwa ulaini wa kupendeza huku klachi zikiteleza na kuungua. Tumia kibano na mkono wa kabureta wa 307 yenyewe. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage pedali hadi sakafuni na wewe uhakikishe kebo imevutika hadi mwisho wake, kisha pedali ikiachiwa irudi yote bila kukwama. Gari lisitoke gereji, hata kwa mzunguko mmoja wa majaribio, kabla ya kipimo hicho.