Kahawa ya nyumbani kwa pesa kidogo: presi, kitambaa au sufuria?

mpenda_buni (Kampala)
Wakubwa habari zenu. Nimechoka na ile kahawa ya kopo ya kuyeyusha, na kwenda kafe kila siku mfuko hauruhusu. Nina elfu hamsini ya kuanzia, nyumbani kuna gesi ndogo na sigiri, umeme nao unakatika katika. Wengine wanasifia presi ya glasi, lile jagi lenye kichujio cha kusukuma chini, wengine wanasema chujio la kitambaa linatosha, mama mkwe yeye sufuria tu basi. Nishike ipi?

Mzee wa Mbale
Mwanangu, kabla ya chombo uliza buni. Huku mlima Elgon tunalima kahawa aina ya arabika, ile ya Bugisu, ina harufu na uchachu mzuri, sasa ukiipata iliyokaangwa wiki hii hii ukaitia hata kwenye sufuria, itaipita kahawa iliyosagwa miezi mitatu nyuma hata ukiipika na mashine ya milioni. Nunua nzima, robo kilo robo kilo, saga ya kunywa leo tu maana ikishasagwa harufu inakimbia. Kama hela inatosha kitu kimoja, nunua kisagio cha mkono, ila kisiwe cha visu, vile vinakata ovyo, nusu vumbi nusu mapande.

binti_masaka
Shikamoo mzee. Kwa kusaga tuko pamoja ila robusta yetu msiiache nje jamani, hii ni mmea wa hapa hapa Uganda! Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni chungu zaidi ndiyo, lakini tia maziwa na tangawizi halafu uniambie. Mimi ni wa kitambaa. Fundi cherehani anakushonea pamba nyeupe kwenye kipete cha waya, hela ndogo sana, na kahawa inatoka safi haina mashapo. Oshea maji matupu, sabuni usiguse, kianike kikauke kabisa, siku kikianza kunuka tupa ushone kingine.

lori_malaba
Presi ya glasi kwa sisi wa safari hapana, inapasuka. Sufuria ndugu yangu. Shida watu wanaiacha kahawa itokote dakika kumi halafu wanalalamika chungu. Maji yachemke, epua, ndipo utie kahawa, koroga, funika dakika nne, nyunyiza kijiko cha maji baridi juu mashapo yatue, mimina polepole na yale ya chini kabisa uyaache.

kahawa_ntinda
Presi naitetea. Dakika nne hizo hizo, unasaga chenga chenga, unasukuma, basi, na mafuta ya kahawa yanabaki kikombeni ndiyo maana inakuwa nzito hivyo. Ila chombo chochote utakachochukua, pima: gramu 15 kwa mililita 250, kamizani kadogo ka jikoni kanatosha. Na kitu kimoja watu hawakisemi, mtandaoni utaambiwa maji yakichemka usubiri yapoe kidogo. Kampala tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, tayari yako sawa kwa kahawa, mimina moja kwa moja. Kabale ndiyo kabisa, kule ni juu zaidi milimani, yanachemkia nyuzi za chini zaidi, usipoteze hata sekunde.

mpenda_buni (Kampala)
Asanteni sana, hilo la maji sijawahi kulisikia. Basi kitambaa cha fundi na hela inayobaki yote kwenye kisagio. Nikienda kununua buni nitajuaje ni mpya?

binti_masaka
Tafuta tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti, siyo ya kuisha muda. Kama haipo mwulize muuzaji amekaanga lini, na kama hajui, nenda duka lingine. Na dada, ukifika nyumbani itie kwenye chombo cha kufunika kabisa, kabatini, mbali na jiko.

Mzee wa Mbale
Na isiwe karibu na vitunguu.