Nitajifunzaje kumsikiliza mkulima bila kukimbilia jibu?

Mgani wa Uporoto aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, mimi ni afisa ugani katika kata moja inayolima viazi mviringo kwenye miinuko ya Uporoto, mkoani Mbeya. Msimu uliopita mama mmoja alinieleza kuwa viazi vyake vinanyauka. Kwa kuwa wiki ile ilikuwa ya ukungu na manyunyu, kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaamua kuwa ni bakajani chelewa, ugonjwa unaoleta madoa kwenye majani wakati wa baridi na unyevu, nikamwandikia dawa ya kuua kuvu. Alikuwa ameniambia pia kwamba majani hulegea mchana yakiwa bado ya kijani, hayana doa, na kwamba mbegu aliitoa kwa jirani. Maneno hayo niliyasikia, lakini sikuyasikiliza. Alipuliza mara tatu bila nafuu. Niliporudi nilikata shina moja, nikalishikilia ndani ya glasi ya maji safi, na baada ya muda mfupi nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka. Ulikuwa mnyauko bakteria, ambao huweza kuja na mbegu, na ambao dawa ile haiuwezi. Fedha ya mama yule imepotea kwa sababu yangu, na jambo hili linaniuma. Je, kusikiliza hufundishwa?

Mwalimu Mstaafu, Iringa, alijibu:

Hufundishwa, mwanangu. Mwaka 1957 wanasaikolojia wawili Wamarekani, Carl Rogers na Richard Farson, waliandika juu ya usikilizaji ambao msikilizaji, kwa maneno yake yeye msikilizaji, humrudishia msemaji kile alichoelewa, kisha humpa nafasi ya kumsahihisha. Ungalimwambia mama, "Kwa hiyo majani hayana doa, ila hulegea jua linapopanda, nimeelewa sawasawa?" nadhani wewe mwenyewe ungalishtuka. Shida ni kwamba akili hufuata maneno kwa kasi kuliko ulimi unavyoyatoa, na muda unaobaki sisi huutumia kuandaa majibu. Utumie kutafuta swali. Tena, usifupishe salamu. Huku kwetu Uheheni, baada ya "kamwene" huulizana habari za nyumbani, za watoto na za mifugo, na mara nyingi la shambani hutajwa mwishoni, wakati mgeni mwenye haraka ameshainuka.

Muuguzi, Njombe, alijibu:

Nakubaliana na mwalimu, lakini si kwa kila hali. Kurudia maneno kunafaa pale unapotafuta chanzo cha tatizo. Mama aliyefiwa na mtoto nikimrudishia maneno yake nitamuumiza zaidi. Huyo mimi hukaa naye, nikamshika mkono, nikanyamaza hadi aseme mwenyewe. Mgonjwa anayenieleza anavyomeza dawa, mimi humwomba amimine vidonge kiganjani na kunionyesha, kwa sababu "kutwa mara mbili" kwake huenda ikawa asubuhi na saa sita mchana. Anayekuja kusifu bidhaa yake, huyo nami humsikiliza kwa kupima: amethibitisha nini, na lipi amelipita harakaharaka? Nadhani kosa lako halikuwa uvivu, kaka. Ulimsikiliza mama kama mtu anayethibitisha jambo alilokwisha kuliamua, wakati yeye alikuwa anakupa ushahidi.

Mgani wa Uporoto alijibu:

Shikamoo, mwalimu, na asante sana, dada muuguzi. Ijumaa nitakwenda kwa mama yule kumwomba radhi. Nitamwomba pia anisimulie upya, tangu siku alipochukua mbegu kwa jirani, na daftari nitaliacha kwenye pikipiki mpaka amalize.