Naomba ushauri: utafiti wa utii pale Mwaloni, kamati ya maadili itaupitisha?

Wakuu, habari za muda huu. Nipo Mwanza, nasoma saikolojia mwaka wa mwisho, natakiwa kupeleka wazo la utafiti kuhusu kwa nini watu hutii mamlaka.

Wengi mnalijua jaribio la mwanasaikolojia Stanley Milgram pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 1961: mshiriki anaagizwa ampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu. Shoti zilikuwa za uongo, ila mshiriki hajui. Wanaume 26 kati ya 40 walifika mwisho, volti 450. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mtoa amri alipoagiza kwa simu utii ulishuka sana, na mshiriki alipowekwa na wenzake wawili waliogoma, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40.

Nawaza hivi: pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kijana aliyevaa reflekta awaambie wauza dagaa wasogeze magunia. Siku nyingine aseme vilevile akiwa na fulana tu. (Mwanasaikolojia Leonard Bickman alifanya kitu kama hicho Brooklyn, New York, kwa sare ya mlinzi.)

Shida ni kibali. Kuwadanganya mama zetu wakiwa kazini, tena wenye mtaji mdogo, kamati itakubali? Nikiomba ridhaa kwanza, si watashtukia? Rafiki kanishauri nitumie dodoso, niulize "ungefanyaje", lakini kwa mdomo kila mtu shujaa.

Aliyewahi kupita njia hii anieleze: ukweli unawaambiaje washiriki baadaye bila kuzua ugomvi sokoni? Na uongozi wa soko niuone kabla ya kibali cha chuo au baada?