Gymkhana, Cinnamon Club au Dishoom? Nataka kumtoa mke wangu

Mzaramo_wa_Ilford: Wakuu, salaam. Mwezi ujao tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Nataka kumpeleka mke wangu tukale Kihindi cha maana hapa London, siyo kile cha kubeba kwenye mfuko. Kokteli nazo ziwe za kueleweka. Nimebaki na tatu: Gymkhana ya Mayfair, Cinnamon Club ya Westminster, au Dishoom. Mnashaurije?

Binti Chumbageni: Bajeti? Siku gani? Mko wawili tu? Umeleta swali nusu.

Kaka_Reading: Hizo huwezi kuziweka mzani mmoja. Gymkhana ina nyota mbili za Michelin, kile kitabu cha kupima ubora wa migahawa, tangu 2024, meza yake unaiwinda mapema. Dishoom wameiga ile migahawa ya Wairani wa Bombay. Foleni ipo, lakini dali yao nyeusi, ule mchuzi wa jamii ya dengu, inalala jikoni zaidi ya saa 24, ukiichovya naan unasahau ulisimama nje. Cinnamon Club iko ndani ya maktaba ya zamani, vitabu bado viko ukutani. Kwa shughuli ya ndoa, mimi Cinnamon.

Mjukuu wa Mpishi: Hilo jina Gymkhana linanichekesha. Babu alipika kwenye jimkhana moja, klabu ya michezo ya wakoloni, huko pwani, akiingilia mlango wa uani. Leo mjukuu nilipe nikae mezani?

Kaka_Reading: Mkuu, wenye mgahawa ni Wahindi wenyewe. Ukoloni hapo umebaki kwenye picha za ukutani.

Mwana Kisauni: Jina silitaji. Mwaka jana nilimpeleka bibie mahali pa aina hiyo. Kokteli ya ukwaju na pilipili ikaja imefunikwa kioo, ndani moshi. Kijana akafunua kwa mbwembwe, moshi wote machoni mwa bibie, wanja ukateremka hadi shavuni. Na ukwaju wenyewe hauna ukali, ule wa kwetu wa barabarani waushinda mbali. Kisha biriani, chungu kimezibwa mdomo kwa unga. Kupasua, zafarani yanukia hadi meza ya pili, nikasema leo ndiyo leo. Vijiko vinne, kwisha. Bili sasa! Maji ya chupa, maana niliulizwa "ya kawaida au ya gesi" nikaitikia tu. Huduma asilimia 12.5 ishaingizwa, na mashine ya kadi bado yaniuliza bakshishi. Tulifika nyumbani tukakaanga mayai.

Binti Chumbageni: Pole, ila maji umejitakia. England, penye leseni ya pombe ukiomba ya bomba lazima wakupe bure. Na hiyo huduma kwa kawaida ni hiari, unaomba waitoe.

Kaka_Reading: Uitoe mbele ya mkeo siku ya ndoa? Hiyo aibu mimi siiwezi.

Binti Chumbageni: Aibu ni kula vijiko vinne kwa bei ya mbuzi.

Mzaramo_wa_Ilford: Samahani wadau, nilisahau kusema. Mama mkwe yuko kwetu, amekuja kutoka Same, itabidi twende naye. Ni Msabato, kilevi hagusi, pilipili hataki. Na siku yenyewe imeangukia Ijumaa jioni.

Binti Chumbageni: Msabato, Ijumaa jua limeshazama, Sabato imeshaingia, kwenye kokteli. Mkuu unatafuta talaka.

Kaka_Reading: Sogeza Alhamisi mchana. Sehemu nyingi za hadhi hiyo mlo wa mchana ni nafuu kuliko wa usiku. Mama atatengenezewa kitu cha ndimu na tangawizi kisicho na kilevi.

Mjukuu wa Mpishi: Au mama umpeleke Wembley Jumapili. Wahindi waliotoka Kenya na Uganda wanauza muhogo wa kukaanga, wenyewe wanauita mogo. Atajisikia yuko nyumbani.

Mwana Kisauni: Mogo! Na kuku paka, yule wa nazi, je, yuapatikana huko?

Mjukuu wa Mpishi: Yupo. Tembea Ealing Road ufuate pua.

Binti Chumbageni: Mwenye mada, bajeti bado hujasema.

Mwana Kisauni: Muache huyo. Hapo Ealing Road, Jumapili pa kuegesha gari papatikana?