Tupeane uzoefu: gym ya nje nyumbani kwa sisi wa joto la pwani

Mwana Kigamboni
Wadau, habari za muda huu. Ushauri mwingi wa gym ya nyumbani unatoka kwa watu wa nchi za baridi, ambao vyuma vyao viko ndani ya gereji kavu. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja tuna jua, chumvi na unyevu mwaka mzima. Aliyejenga yake uani aeleze: vifaa gani, kutu anaizuiaje, anapiga tizi saa ngapi. Naanza.

Nilipo bahari haionekani, ila upepo wake unafika. Nina bomba la kujivutia, benchi, fimbo ya chuma ya kunyanyulia na sahani zake za uzito. Watu wanaogopa mvua za masika, lakini mimi naogopa zaidi umande. Amka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Januari, hakujanyesha wiki nzima, halafu pitisha kiganja kwenye bomba. Kinatoka kimelowa, na ukilamba kidole unasikia chumvi. Hiyo chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma hakikauki sawasawa hata mchana. Kutu inataka maji na hewa tu, chumvi inaiharakisha.

Ninachofanya: fimbo na sahani zinalala ndani. Mwisho wa wiki nazifuta kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba kutoa chumvi na jasho, nakausha, kisha napaka mafuta ya cherehani kidogo sana. Zile sehemu za kushikia zenye michirizi nazisugua kwa brashi ya nailoni, maana jasho linajificha humo. Turubai nimeliacha kabisa. Linafungia mvuke chini yake na chuma kinalowa kuliko kingekaa wazi kivulini.

Fundi Tanga
Mkuu umesema kweli kuhusu turubai. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimetengeneza fremu nyingi za mazoezi, na kila zinaporudi kwangu zimeoza sehemu mbili zilezile: kwenye maungio na pale nguzo inapoingia ardhini.

Kwenye maungio sababu ni moto. Wateja wananunua bomba la mabati wakijua halishiki kutu, na ni kweli, lina zinki juu. Lakini ukichomelea, zinki ya pale inaungua na chuma kinabaki uchi. Fundi wako aisage kwanza kwa grenda, achomelee, asafishe kwa brashi ya waya, kisha apake rangi ya zinki kabla ya rangi ya mafuta. Na asivute ule moshi mweupe, unaleta homa kali usiku wake. Afanyie kazi mahali penye upepo.

Ardhini, zege la nguzo lisiishie sawa na udongo. Lipandishe kidogo juu na ulitengeneze mteremko pande zote ili maji yakimbie. Nikikuta nguzo imezungukwa na kidimbwi najua haina maisha marefu.

Dada wa Mtwapa
Asante kaka fundi. Kwangu nimepunguza chuma kadiri nilivyoweza. Mizigo yangu ni ya zege. Zege lina kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, maana yake kopo la rangi la lita 4 likijaa linatoa karibu kilo 9 na nusu, na ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 48. Mwagieni maji wiki nzima likomae, msilikaushe juani, litapasuka. Hata hivyo pima kwa mizani kabla ya kufunga pande mbili za mti, kopo mbili hazitoki sawa.

Paa langu ni la makuti. Nilikulia chini ya makuti na sioni cha kuyashinda: joto linapanda na kutoka, upepo unapita. Bati la chini linakuchoma kichwa ifikapo saa nne asubuhi.

Jambo moja linaniuma sana. Wengi mna matairi ya lori ya kupindua. Tairi likilala linashika maji, na mbu wa dengue anapenda hapo hasa. Huyo anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni, saa zetu za mazoezi. Dar mlipata mlipuko 2014 na tena 2019, na huku kwetu tunaujua ugonjwa huo. Toboeni matundu makubwa pande zote mbili za tairi, kwa kuwa mnalipindua.

Mpemba Ughaibuni
Salamu kutoka Muscat, Oman. Kiangazi hapa kinapita nyuzi 40, na usiku unyevu wa bahari unapanda. Sheria inazuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti, nami nimeifanya sheria ya gym yangu pia. Mipira ya kuvuta msiiache nje, jua linaikausha, inakatika usoni pako.

Anayetoka Arusha au Njombe kuja pwani apunguze mzigo kwanza. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto.

Nesi Temeke
Naongezea hapo. Unyevu ukiwa mwingi jasho linatiririka bila kukauka, na kupoa kwa mwili kunategemea jasho kukauka. Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kugonga: acha, kaa kivulini, mwagiwa maji. Mwenzako akianza kuongea visivyoeleweka, hiyo ni dharura. Mpozeni kwa maji na upepo hapohapo, shingoni na kwapani, huku mkitafuta gari la hospitali. Msimnyweshe kitu akiwa amechanganyikiwa.

Dafu ni zuri lakini sodiamu yake ni kidogo. Ukitoka jasho jingi changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wenye presha au kisukari waulize kwanza kituoni kwao.

Mwana Kigamboni
Asanteni sana. Fundi, nguzo zangu zina midomo wazi juu. Nizibe?

Fundi Tanga
Ziba leo, mkuu. Mvua inaingia, inakaa chini ndani ya bomba, na linaoza kwa ndani huku rangi ya nje bado inang'aa. Chomelea kifuniko cha bati nene. Kabla ya hapo gonga nguzo kwa nyundo kuanzia chini kwenda juu. Ukisikia mlio umebadilika karibu na zege, usining'inie tena mpaka ibadilishwe.